Snobodi ya alpaini: goti la nyuma linauma, nirekebishe mwinuko au mlalo wa baindingi?

Milima_Baridi
Wakuu salaam. Naomba msaada wa wanaotumia buti ngumu na baindingi za bamba (vifungio vinavyoshikiza buti kwenye ubao wa theluji). Natelezea Tyrol, kwenye milima ya Alpi, asubuhi, kwenye njia zilizosawazishwa na mashine. Kazi yangu ni kukata kona tu (kugeuka kwa kuegemea ukingo wa ubao), siruki.

Vipimo: mguu wa kushoto uko mbele. Kiuno cha ubao sm 20, buti saizi 27, soli mm 298. Pembe za miguu kuelekea pua ya ubao, kuanzia mstari unaoukata ubao kwa upana, ni digrii 62 mbele na 58 nyuma. Kutoka katikati ya baindingi moja hadi nyingine ni sm 51. Mguu wangu kwa ndani, kutoka kinenani hadi sakafuni, sm 79. Mbele nimefunga diski bapa (sahani ya duara inayofunga baindingi kwenye ubao). Nyuma nimefunga diski ya kabari ya digrii 6, upande mnene nimeuelekeza ukingo wa vidoleni ili goti lilalie ndani. Shingo za buti zote mbili zimeegemea mbele kwa kiasi kilekile.

Shida ni tatu: paja la nyuma linawaka moto kabla sijamaliza mteremko wa pili, goti la nyuma linauma upande wa ndani, na kwenye kona za kisiginoni mkia unachomoka. Nipunguze kabari au niongeze? Natanguliza shukrani.

Fundi_Kabari
Mkuu, usinunue kitu bado. Ukubwa wa kabari hauna shida, shida ni upande ilikoelekea.

Diski ya kabari huinamisha buti upande mmoja tu, lakini mguu wako umekaa mshazari juu ya ubao. Kwa hiyo mwinamo ule unagawanyika: sehemu inakuwa mwinuko (vidole au kisigino kupanda), sehemu inakuwa mlalo (buti kulalia ndani au nje). Kwa pembe ya 58, upande mnene ukiangalia ukingo wa vidoleni, digrii 6 zako zinazaa mlalo wa ndani wa 5.1, na vidole vya mguu wa nyuma vinapanda 3.2. Maana yake kisigino cha nyuma kimeshuka, wakati hapo ndipo kinapotakiwa kupanda.

Jaribu sakafuni bila buti. Tanua miguu kama ulivyo kwenye ubao, weka kitabu chini ya vidole vya mguu wa nyuma, kisha chuchumaa kidogo. Utaona goti linavyolazimika kujikunja sana na makalio yanavyorudi nyuma. Sasa hamishia kitabu chini ya kisigino: muundi unaegemea mbele wenyewe na uzito unarudi katikati. Ndani ya buti ngumu kifundo hakikunjiki kiasi cha kukuokoa, kwa hiyo paja ndilo linalobeba deni lote. Na uzito ukiwa nyuma, pua haina mgandamizo wa kuanzisha kona ya kisiginoni, mkia unasukumwa kupita kiasi, unachomoka. Goti nalo linapokea mlalo wa digrii 5, ambao ni mwingi kwa mtu ambaye hajapimwa.

Zungusha diski robo duara, upande mnene uangalie mkia. Matundu manne ya skrubu kwenye ubao (mpangilio uitwao 4×4) yamepangwa mraba wa sm 4 kila upande, itakaa bila shida. Hapo digrii 6 zilezile zinakupa kisigino juu 5.1 na mlalo wa ndani 3.2. Kwa mguu wa mbele mnene huangalia pua. Kadiri pembe inavyokuwa kali, kabari inazidi kuwa mwinuko: kwenye 45 ni nusu kwa nusu, 4.2 na 4.2, kwenye 65 ni 5.4 na 2.5.

Halafu sm 51 ni pana kwa mguu wa sm 79. Zidisha kwa 0.6 unapata kama 47 na nusu, kwa hiyo anzia 48. Lakini diski kwanza, mteremko uleule mara tatu, ndipo uguse umbali. Ukibadilisha vyote kwa mpigo hutajua kipi kimesaidia.

Ukingo_Makali
Naunga mkono kuhusu diski. Ila kuna hatua inayorukwa na wengi: buti lenyewe. Kabari iliyowekwa kuficha buti lisilokaa sawa itakusumbua msimu mzima.

Anza na soli ya ndani inayoshika upinde wa wayo. Wayo ukiporomoka, goti linaingia ndani hata ubao ukiwa bapa. Kisha toa buti laini la ndani, vaa ganda tupu na ile soli, legeza skrubu za pembeni kwenye shingo, simama kawaida, uone kama muundi uko katikati ya shingo. Isogeze shingo iufuate mguu, kaza. Baada ya hapo shusha shingo ya buti la nyuma tundu moja iegemee mbele zaidi, na ya buti la mbele isimamishe kidogo. Kuziacha sawa hakufai, kwa sababu mguu wa mbele unatangulia nyonga na wa nyuma unabaki nyuma ya nyonga.

Mlalo nauacha uwe wa mwisho kabisa, na haukisiwi kwa macho. Chukua uzi, funga nati upate timazi. Weka ubao kwenye zulia, funga buti zote mbili, kaa mkao wako wa kutelezea. Mtu mwingine ashike uzi chini tu ya kifuniko cha goti, maana ukiinama kutazama mwenyewe goti linahama. Nati ining'inie juu ya kidole cha pili. Ikipita kidole gumba kuelekea ndani, mlalo wa ndani umezidi. Ikiangukia upande wa kidole kidogo, umepungua.

Kuhusu mguu wa mbele sikubaliani na wanaoanza na digrii 6. Vidole vikipanda sana vinakurudisha mkiani, kona ya vidoleni inachelewa kuanza, na paja la mbele nalo linaanza kuungua. Baki na diski bapa kwanza. Ukihisi unabanwa mbele ya muundi hata ukisimama wima, weka 3. Kwa pembe yako ya 62 ni mwinuko wa 2.6 na mlalo wa 1.4.

Milima_Baridi
Asanteni sana. Nikizungusha diski, skrubu zinabaki zilezile?

Ukingo_Makali
Swali zuri, hapa ndipo ubao unapoharibika. Kwenye diski ya kabari, upande mnene unahitaji skrubu ndefu na upande mwembamba fupi. Diski ikizunguka, skrubu zizunguke nayo. Ndefu ikiingia upande mwembamba itagota chini ya tundu: kichwa unakihisi kimekaza, kumbe diski inacheza, na ukilazimisha unaona kivimbe chini ya ubao. Fupi ikiingia upande mnene itashika nyuzi mbili tatu, na itazing'oa ukiwa kwenye kasi.

Tumbukiza njiti ya kibiriti kwenye tundu, weka alama ya ukucha, pima. Kisha pitisha skrubu kwenye diski, pima inavyochomoza chini yake. Iwe pungufu ya kina cha tundu kwa milimita moja. Skrubu za M6 huingia milimita 1 kila mzunguko, basi hesabu unapokaza: pungufu ya mizunguko 6 usiteleze nayo. Gundi ya nyuzi tumia ile inayofunguka kwa mkono, tone moja, isiguse plastiki kwani baadhi ya plastiki hupasuka. Kagua baada ya mteremko wa kwanza, na tena mchana.

Theluji_Kavu
Samahani kudandia. Mimi nina baindingi za F2 Titanium, hazina diski za kabari bali vipande vya plastiki chini ya bloku (kishikio cha soli) ya vidole na ya kisigino. Digrii napataje?

Fundi_Kabari
Kwako ni rahisi zaidi, mwinuko na mlalo unavipanga kila kimoja peke yake. Kwa umbali wa mm 290 hivi kati ya bloku mbili, kila mm 5 za tofauti ya kimo ni digrii moja. Kisigino kikiwa juu mm 15 umepata 3, mm 20 umepata 4.

Angalizo: ukibadilisha kipande, urefu wa baindingi nao unabadilika kidogo, kwa hiyo upange upya hadi komeo lifunge kwa kidole gumba na nguvu ya kutosha, si kwa kulipiga. Halafu chana karatasi vipande vinne, viweke chini ya soli kwenye pembe za bloku zote mbili, funga, uvute. Kimoja kikitoka kirahisi, soli haijalala pale. Maana yake vipande vya plastiki vimepishana na buti linapindwa kila unapofunga.

Milima_Baridi
Mrejesho wa sebuleni: diski imezungushwa, mnene kwa mkia, skrubu zimehamishwa nayo, mizunguko 7 kila moja. Kabla sijagusa kitu, nati ilianguka ndani ya kidole gumba kwa sm 2 nzima. Sasa iko kati ya kidole cha pili na cha tatu. Shingo ya nyuma nimeishusha tundu moja. Umbali bado 51 hadi nimalize miteremko mitatu.

Ukingo_Makali
Kati ya cha pili na cha tatu iache hivyo. Ukisogeza miguu hadi 48 nati itahama tena, pima upya siku hiyo. Na goti likiwa bado linauma unaposhuka ngazi, au limevimba, usipande ubao wiki hii. Lionwe na daktari kwanza.