Kijiti cha mwanga kwenye bastola kimekatika mara ya pili, naombeni ushauri

MlinziKatuba: Bandugu wa Lubumbashi, bastola yangu ina kilengeo cha mbele chenye kijiti chekundu kinachokusanya mwanga. Juani kinawaka kama kaa la moto. Miezi 3 haijaisha, kimekatika mara mbili. Niagize kingine, au havidumu? Usingizi sipati.

FundiKamalondo: Yaya (kaka), ile ni plastiki, unene milimita 1 au 1.5. Kinashikwa na ncha zake zilizoyeyushwa zikatanuka kama uyoga. Ncha ikisagwa na mfuko wa kiunoni, kinachomoka. Unasafisha na nini?

MlinziKatuba: Dawa ya kuondoa masizi ya baruti. Naimwagia yote.

FundiKamalondo: Basi. Dawa nyingine hufifisha plastiki, ikawa inavunjika upesi. Paka kwa kitambaa, kilengeo ukiepuke. Kijiti chenyewe ni bei ndogo. Angalia chuma kinachokizunguka kama ni imara.

PapaKipushi: Marehemu baba alilinda reli na bunduki yenye kinundu cha kulengea cha chuma kitupu. Ilianguka mtaroni, ikanyeshewa, kinundu kikabaki. Alikuwa anatusimulia jioni tukichoma mahindi. Vijana mnapenda vya kung'aa.

MamaRuashi: Mwanangu, hiyo bastola ni yako?

MlinziKatuba: Ya kazi, mama.

MamaRuashi: Kazi ya nani? Aliyekukabidhi anajua?

MlinziKatuba: Ni ya serikali. Nilitoa kilengeo chake, nikaweka hiki kilichopitia mpakani Kasumbalesa. Mkubwa wangu hajui. Lakini macho yamechoka mama, kilengeo cheusi juu ya nguo nyeusi siwezi kukiona! Na kingine nimeshakilipia.

MamaRuashi: Macho yanapimwa hospitali. Mali ya watu haifunguliwi kwa siri.

Likasi_77: Umetunga. Askari gani hajui kwamba usiku kijiti hicho kinazimika? Hakina mwanga wake.

MlinziKatuba: Sijatunga! Zamu yangu ni ya mchana, mlangoni pa benki. Usiku sikuuzungumzia.

Likasi_77: Bado siamini.

FundiKamalondo: Muache, dawa ya masizi haitungwi. Kinachowaka chenyewe gizani ni cha tritiumu, gesi yenye mnururisho, nacho hupoteza nusu ya nguvu kwa miaka 12 hivi. Yaya, kilengeo cha asili unacho?

MlinziKatuba: Kiko nyumbani, kwenye kikopo cha maziwa.

FundiKamalondo: Mpelekee fundi wa silaha wa kikosi akirudishe, na umwambie ukweli.

MlinziKatuba: Ukaguzi ni Jumatatu. Kesho asubuhi nakwenda kwake.