Mwenye kauli kwenye MMA ni nani hasa?

Upepo wa Kusi, Lamu
Assalaam aleikum jamaa. Paramount, kampuni ya filamu na televisheni ya Marekani, imekubali dola bilioni 7.7 kuonyesha UFC, ligi kubwa ya MMA (mapigano mchanganyiko), kwa miaka 7 kuanzia 2026, na hapa Mkunguni watu hawaelewani. Wengine wasema mwenye kauli ni Dana White, mkuu wa UFC. Mimi nasema Dana ni sauti tu. UFC ni mali ya kampuni ya TKO, iliyoundwa 2023 UFC ilipounganishwa na WWE ya mieleka, na anayeiongoza TKO ni Ari Emanuel. Kuna wanaotaja Abu Dhabi na Riyadh, kwa kuwa fedha zao ndizo zinazovuta mapambano makubwa upande huu wa dunia. Kuna wanaotaja tume za serikali za michezo, kama ile ya jimbo la Nevada, inayoteua majaji na refa. Mpiganaji mwenyewe sijasikia akitajwa. Leteni hoja, matusi muyaache.

Kocha wa Muyeye, Malindi
Soma mkataba, jibu limo humo. Mpiganaji mpya anatia saini mapambano kadhaa, tuseme manne, na muda wote huo haruhusiwi kupigana kwingine. Malipo ni mafungu mawili: la kuingia kizimbani na la kushinda. Kwa miaka mingi anayeanza alipata dola 10,000 na 10,000, baadaye ikawa 12,000 na 12,000. Akipigwa, nusu imekwenda. Kwenye kilichobaki mtoe meneja, kocha, gharama za kambi na kodi. Akikataa pambano au akiumia, muda unasogezwa mbele. Akiwa bingwa, mkataba unajirefusha.

Francis Ngannou wa Kameruni alitetea mkanda wa UFC Januari 2022, akakaa mwaka bila kupigana, ndipo Januari 2023 akaondoka. Alichokuwa akidai ni bima ya afya, ruhusa ya kuvaa nembo za wadhamini wake, na mtu wa kuwasemea wapiganaji kwenye vikao. Bingwa wa uzito wa juu huyo, na bado ilimbidi angoje kalenda ya mwingine.

Pweza Mkavu, Malindi
Ngannou huyo huyo alitoka akamwangusha bondia Tyson Fury raundi ya tatu, tena akalipwa vizuri. Basi kauli anayo. Waliobaki ni kulia tu. Ndugu wawili wa Fertitta walinunua UFC ikikata roho, kwa milioni 20, wakaifufua kwa pesa zao, leo kila mtu anataka fungu. Mpiganaji ana kazi moja: apande mizani uzito uwe sawa, kisha apigane. Hata hiyo inawashinda. Anayekosa uzito ni mlafi, hana jina jingine.

Binti Langoni, Lamu
Milioni 2, Pweza. Januari 2001. Na 2016 wakaiuza kwa takriban bilioni 4. Tofauti hiyo haikutoka mfukoni mwa Fertitta peke yao, kuna watu walipasuliwa nyuso kwa ajili yake.

Lakini ninalolijibu ni hilo la mlafi. Charles Oliveira, bingwa wa UFC, Mei 2022, Phoenix: alipima ratili 155.5 na kikomo ni 155. Nusu ratili haifiki robo kilo, ni kikombe kimoja cha maji. Pambano la kawaida lina msamaha wa ratili moja, la mkanda halina. Akavuliwa ubingwa, siku ya pili akamkaba mpinzani wake Justin Gaethje raundi ya kwanza, na mkanda ukabaki hauna mwenyewe. Tena wapiganaji kadhaa wa usiku ule walilalamika kwamba mizani ya kujipimia waliyowekewa haikuwa sawa. Huyo naye mlafi?

Pweza Mkavu, Malindi
Nusu ratili ni nusu ratili. Watu wa Lamu hata saa ya boti kuondoka hamuijui, mtaiheshimu mizani?

Mzee wa Jahazi, Lamu
Boti zetu zafuata maji kujaa na kupwa, kijana, hazifuati saa ya mtu wa Malindi. Ungekuwa una mato ungeona. Tangu lini mtu akatukana mji mzima kwa ajili ya mizani ya Wamarekani?

Na kwa kuwa umeshika sheria, nijibu hili. Septemba 2022 Khamzat Chimaev alitakiwa apigane na Nate Diaz kwa ratili 170. Alipima 178.5. Hata ukimpa ile ratili ya msamaha, amezidi saba na nusu. Wakapangua usiku mzima: Diaz akapewa Tony Ferguson, Chimaev akapewa Kevin Holland kwa ratili 180. Li Jingliang, aliyefika na uzito wake sawasawa, alikuwa apigane na Ferguson. Akajikuta na Daniel Rodriguez aliyepima karibu 180, akapoteza kwa majaji waliogawanyika. Chimaev mwaka 2025 akawa bingwa wa ratili 185. Sheria yamfuata nani hapo?

Kocha wa Muyeye, Malindi
Mzee wangu shikamoo, ila unalinganisha vitu viwili. La Oliveira lilikuwa la mkanda, la Chimaev halikuwa. Hakuna awezaye kumvua mtu mkanda asiokuwa nao. Adhabu ya pambano la kawaida ni kukatwa asilimia 20 au 30 ya malipo, na mpinzani ana haki ya kukataa.

Mzee wa Jahazi, Lamu
Marahaba. Haki ya kukataa iko kwenye karatasi. Li angekataa angelipwa na nani, na angeitwa lini tena? Wewe mwenyewe umesema juu hapo, anayekataa muda unasogezwa. Na Dricus du Plessis je? Julai 2023 kampiga Whittaker, wakamtaka Septemba apigane na bingwa Adesanya. Hakuwa tayari, nafasi akapewa Sean Strickland, akaondoka na mkanda Sydney.

Pweza Mkavu, Malindi
Du Plessis Januari 2024 akauchukua mkanda kwa huyo huyo Strickland. Kukataa kulimdhuru nini? Mmeacha swali la ulafi mnazungukazunguka.

Maji ya Dafu, Malindi
Pweza, watu wanazungumzia uzito kana kwamba ni kuacha chapati. Mafuta ya mwili yanashughulikiwa wiki nane nyuma. Wiki ya mwisho kinachotolewa ni maji. Mtu wa kilo 77 anakunywa lita 7 au 8 kwa siku, siku tatu hivi, figo zizoee kumwaga, kisha ghafla lita moja, kisha karibu sifuri, na figo bado zinamwaga. Chumvi inapunguzwa. Wali, ugali na mkate vinapunguzwa, kwa sababu kila gramu ya wanga iliyohifadhiwa kwenye misuli hushika kama gramu tatu za maji. Mboga za nyuzinyuzi zinaachwa ili tumbo liwe tupu. Kilichobaki kinatolewa kwa jasho: maji ya moto ya kama digrii 40, dakika 10 hadi 20, kisha kujifunika taulo na nguo nzito, kisha kurudi tena.

Hapo ndipo panapoharibika. Damu inakuwa nzito, moyo unakwenda mbio, figo zinakosa damu ya kutosha. Jasho likikata na bado mtu yumo kwenye maji ya moto, mtoe mara moja, mwili umeshindwa kujipoza. Vidonge vya kukojoza ni marufuku na vinavuruga chumvi za moyo. Baada ya mizani maji yarudi kidogo kidogo, kama lita moja kwa saa, yenye chumvi na sukari. Akigugumia yote kwa pamoja atatapika. Dripu UFC ilizizuia 2015.

Yang Jian Bing wa China alikuwa na miaka 21. Desemba 2015, Manila, alifariki akipunguza uzito, kabla hajafika kizimbani. Huyo usimwite mlafi mbele yangu.

Pweza Mkavu, Malindi
Dada, Mungu amrehemu. Lakini nani alimlazimisha? Apande uzito wa juu, kwisha.

Binti Langoni, Lamu
Akipanda peke yake anakutana na mtu aliyetoka juu zaidi akishuka. Mmoja akipunguza, wote watapunguza. Ndiyo sababu sharti mwenye ligi aamue. Baada ya kifo kile ONE, ligi ya Asia aliyokuwa apiganie Yang, walibadilisha: mkojo unapimwa, uzani wake ukilinganishwa na maji ukipita 1.025 mtu hajapita, hata kama mizani imekubali. Ligi iliweza kwa sababu ilitaka. UFC haijataka. Kuanzia 2016 kilichobadilika ni mizani kusogezwa asubuhi, mtu apate saa nyingi za kunywa maji, na wengine wakaona ni nafasi ya kupunguza zaidi.

Upepo wa Kusi, Lamu
Jamani, Ghuba na Paramount mmezisahau kabisa. PFL, ligi nyingine ya MMA, ilipata fedha za Saudia 2023, mwaka huo huo ikainunua ligi ya Bellator, na ikamfanya Ngannou sura yake Afrika. Hilo halina uzito?

Kocha wa Muyeye, Malindi
Litangoja. Hili la mkojo ndilo linalotugusa hapa, maana vijana wa Pwani wanaiga yale ya video, na mapambano yetu mengi mizani ni jioni ya kuamkia pambano. Napendekeza uzito na mkojo vipimwe kwa pamoja, asubuhi ile ile ya pambano. Atakayekunywa maji ili mkojo upite atazidi kwenye mizani, na atakayejikausha ili mizani ipite mkojo utamtaja.

Pweza Mkavu, Malindi
Nionyeshe promota wa Malindi atakayevunja pambano kuu, tiketi zishauzwa na viti vimepangwa, kwa sababu ya mkojo.

Maji ya Dafu, Malindi
Hataulizwa. Mpimaji asilipwe na promota, na karatasi asiishike kocha wala meneja. Mizani ijaribiwe kwa jiwe la kilo 20 mbele ya kambi zote mbili kabla ya mtu wa kwanza kupanda. Na kila pambano liwe na mtu wa akiba aliyepimwa na kulipwa hata asipopigana, ili anayekataa kupigana na aliyezidi uzito asirudi nyumbani mikono mitupu.

Pweza Mkavu, Malindi
Huyo wa akiba atalipwa na nani?

Binti Langoni, Lamu
Na fungu la aliyezidi. Lile lote la kuingia, si asilimia 20.