Tupeane uzoefu: anayeanza gita la stili la mapajani (linalolazwa mapajani, nyuzi zikitelezeshewa kipande cha chuma), sauti tamu inatoka wapi?

Nyuzi_Jinja: Jana niliona klipu ya kwaya ambayo gita la stili lilisikika vibaya. Gita lenyewe halina kosa pale. Chuma kiwekwe juu kabisa ya mstari wa freti (vile vijistari vya shingoni), si nyuma yake kama gita la kawaida. Na utazame kutoka juu wima; ukitazama kwa upande, noti inapotoka.

Mzee_Mbale: Kweli kabisa.

Stili_Arua: Kinachoharibu zaidi ni vipande vya nyuzi vilivyo nyuma ya chuma, upande wa kichwa cha gita. Navyo vinalia noti zao, sauti inakuwa na matope. Laza kidole cha pete na cha mwisho nyuma ya chuma, viguse nyuzi tu, visogee nacho. Mkono wa kulia nao una kazi: ukishapiga uzi, uzime kwa kiganja kabla hujahama, la sivyo utasikia mluzi njia nzima. Usikandamize. Uzito wa chuma unatosha. Kikigonga freti umezidisha.

Nyabo_Nakawa: Chuma chenyewe kipatikane wapi?

Mzee_Mbale: Shingo ya chupa, mama.

Stili_Arua: Mzee wangu, chupa ni nyepesi mno, uzi unakosa mwili. Nenda Katwe, Kampala, fundi akukatie stenlesi ya duara isiyo na tundu, unene mm 22, urefu mm 75. Inafika gramu 220 hivi. Msasa namba 400, 1000, kisha 2000. Mkwaruzo wowote utausikia.

Kijana_Gulu: Gita la boksi MSILIPANDISHE hadi tyuni ya G (nyuzi zote wazi zilie kodi ya G) jamani! Uzi wa sita unatoka E kwenda G, wa tano A kwenda B. Daraja (kipande kinachoshika nyuzi juu ya boksi) linabanduka, uzi ukikatika unarukia usoni!

Nyabo_Nakawa: Weee! Daraja zima?

Kijana_Gulu: Zima, hasa gundi ikiwa imeshapigwa na jua.

Nyuzi_Jinja: Ndiyo maana nasema tyuni ya D, kuanzia uzi wa sita: D A D F# A D. Nyuzi nne zinashuka, hakuna inayopanda. Weka na nati ya kuinua nyuzi (kipande cha upande wa kichwa kinachozibeba).

Ssebo_C6: Tyuni ya C6 ndiyo tamu.

Nyuzi_Jinja: Kwa anayeanza? Hapana, ssebo.

Mzee_Mbale: Mtetemo wa noti (vibrato) waache kwanza, noti ikae sawa na tyuna (kifaa cha kupima noti).

Ssebo_C6: Waanze nao, ila polepole: viringisha chuma sawasawa pande zote mbili za freti.

Stili_Arua: Na msipige karibu na daraja, sauti inakonda. Sogeeni kuelekea shingo, trebo ya amplifaya mshushe.