Mjadala: Anayetaka kuishi kwa brashi achore kinachouzika au achore chake?

Wakuu, hili naomba tulijadili kwa uzito wake, maana vijana wengi wanaingia kwenye uchoraji wakiamini kipaji kitawalipia kodi ya chumba.

Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Alitumia hadibodi na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, na wateja wake walikuwa wageni wa Morogoro Stores, maduka ya mtaa wa Oysterbay. Alifariki 1972, miaka minne tu baadaye, akiwa ameacha wanafunzi, baadhi yao ndugu zake. Mwaka 1990 wachoraji wakaunda ushirika, na mpaka leo kuna familia zinazokula kwa mtindo ule, unaoitwa Tingatinga kwa jina lake.

Sasa pita kwenye maduka ya sanaa kuanzia Dar hadi Mji Mkongwe. Twiga wale wale, tembo wale wale, Kilimanjaro ile ile. Mtalii asiyeona tofauti anauliza bei tu, basi ukishusha, jirani anashusha zaidi. Na ukibuni picha mpya ikauzika, muda si mrefu unaikuta kwenye ukuta wa mwenzako. Wateja wapo, ila hawana sababu ya kukutafuta wewe.

Msimamo wangu: kuiga kuwe shule, kusiwe ajira ya maisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda picha, hailindi mtindo. Kwa hiyo mtindo ubaki wa wote, lakini anayerudia picha ya mwenzake amlipe fungu la mauzo.

Mchangiaji: Mkuu, hapo tunatofautiana. Wanafunzi wale wasingeiga, mtindo ungezikwa na mwalimu wao 1972. Na huyo unayemwambia achore chake ana watoto. Twiga anauzika leo. Picha yake mwenyewe inaweza kukaa ukutani mwaka mzima. Waache watu wale kwanza.

Mwanzisha mada: Hoja yako ya kwanza ina nguvu, na siipingi. Lakini waliodumu hawakuishia kwenye kuiga. Mohamed Charinda, mchoraji wa Tingatinga, alitumia rangi zile zile kusimulia visa vya vijijini na mashetani, na watu wakawa wanamuulizia kwa jina. Mtoto ale, kabisa, twiga achorwe. Ila anayechora twiga juma zima hapati nafasi ya kufika alikofika Charinda, na bei ya twiga haipandi.

Tuanze na kidogo: kila picha mpya isainiwe, ipigwe picha, iandikwe tarehe, kumbukumbu ikae ushirika. Hapo madai yatakuwa na ushahidi. Linalonisumbua ni usimamizi wa hilo fungu. Ushirika wenyewe, ambao wanaoiga ni wanachama wake, au COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania?