Mkufu wa meya: ni dhahabu kweli, na ni wa nani?

Dada wa Majengo, Moshi
Habari zenu wanajukwaa. Juzi nilihudhuria kikao cha baraza la madiwani hapa manispaa. Meya akaingia na joho, na juu yake mkufu mpana umemkaa mabegani, kifuani unaning'inia kidani kikubwa. Jirani yangu akaninong'oneza kwamba ni dhahabu tupu, na meya akimaliza muda anaondoka nao. Kweli? Na desturi hii tumeitoa wapi?

Sonara, Arusha
Dada, usisadiki. Mkufu ni mali ya halmashauri. Meya huchaguliwa na madiwani wenzake. Akitoka yeye, joho na mkufu vinabaki.

Dhahabu tupu kwa ukubwa ule ni nadra sana. Mingi ni fedha iliyopakwa dhahabu, mingine shaba. Tazama zile pete ndogo zinazounganisha vipande, maana ndipo panaposuguana na rangi huisha mapema. Pakionekana weupe unaoingia weusi, chini ni fedha. Pakiwa pekundu, ni shaba. Geuza kipande: fedha halali hugongwa mhuri wa 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000. Iliyopimwa Birmingham, Uingereza, ina alama ya nanga.

Desturi yenyewe imetoka huko. Meya Mkuu wa London huvaa mkufu ulioachwa kwa wosia na Sir John Alen karne ya 16, una vipande vyenye umbo la S. Ila miji mingi ya kule ilipata mikufu yake karne ya 19, baada ya sheria ya 1835 kupanga upya mabaraza ya miji. Na hapa ndipo roho yangu ilipo: katika mingi ya mikufu ile, vipande vimechongwa majina ya mameya waliopita na miaka yao. Mtu anavaa waliomtangulia! Sisi tunavaa pambo tu. Moshi ni manispaa tangu 1988. Majina ya mameya wake wote tangu hapo yangekaa kifuani pa meya wa leo. Na katikati ya kidani, jiwe moja la tanzanaiti ya Mirerani.

Mstaafu wa halmashauri
Fundi kasema kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nautoa kwenye kisanduku kabla ya kikao, na baada ya kikao unarudi kabatini chini ya kufuli. Umeandikwa kwenye daftari la mali kama gari. Tulikuwa tunaushikiza kwa pini mabegani, la sivyo meya akiinama kusaini unateleza wote mbele. Na msiusugue kwa dawa ya vyombo. Kitambaa laini kikavu kinatosha.

Kuhusu majina, naunga mkono. Ila mkumbuke mabaraza ya miji yalifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, yakarudishwa 1978. Kwa miji iliyokuwa na meya kabla ya hapo, pengo hilo nalo liachwe lionekane.

Dada wa Majengo, Moshi
Shikamoo mzee, asante sana. Nitampelekea diwani wangu hoja ya majina. Fundi, kipande kimoja kinabeba maneno mangapi?

Sonara, Arusha
Jina na miaka basi. Mwambie cheo na chama visiingie, nafasi haitoshi, na herufi zikiwa ndogo mno zinafutika kwa kupanguswa. Zichongwe kwa mkono, kwa kina. Na vichongwe kabla ya kupakwa dhahabu, siyo baada.