Ushauri wa haraka: Aqua namba E kwa milioni 11 na nusu, nivute au niache?

Mgeni wa Chanika
Habari za jioni wakuu. Nimechoka kugombania daladala. Naishi Chanika, kazi Posta, naamka saa 10 alfajiri na nikirudi watoto wameshalala. Kuna Toyota Aqua ya mwaka 2013, haibridi ya petroli na umeme, iko yadi moja hapa mjini, namba E yaani imesajiliwa juzijuzi tu, AC inagandisha, viti vinang'aa. Wanataka 11.5. Nimeiendesha mwenyewe mpaka barabara kuu na kurudi, wakuu ile gari haina mlio! Ukikanyaga breki inajichaji yenyewe. Mimi ni mtu wa vitu vya kisasa, hata simu sishiki ya mwaka juzi. Swali langu ni moja tu: ulaji wa mafuta Chanika–Posta ukoje? Mengine nimeshayaangalia. Natanguliza shukrani.

Bolti Kumi na Nne
Mafuta siyo tatizo la hiyo gari. Mimi nashangaa bei. Namba E kwa 11.5, muuzaji anakimbia nini? Taa za dashibodi ulizitazama?

Shangazi wa Mbagala
Marehemu mume wangu alinunua gari la turbo mwaka 2015. Kila Jumamosi yeye yuko chini ya gari, mimi namshikia tochi. Nilizijua namba za spana zote kabla sijayajua majina ya mawifi zangu. Mwanangu, nunua gari ambalo fundi wa mtaani kwenu analijua.

Pilau ya Msibani
Chukua IST, funga gesi, maisha yaende. Ila nunua na mto wa kulalia kwenye foleni ya kujaza gesi Ubungo.

Mgeni wa Chanika
Bolti, taa ni za kawaida tu. Narudia, mwenye Aqua aniambie lita moja inakwenda kilomita ngapi.

Bolti Kumi na Nne
Za kawaida ndiyo zipi? Ukiwasha gari, ukahesabu mpaka kumi, taa ipi inagoma kuzima?

Mgeni wa Chanika
Sawa. Kuna kapembetatu kekundu kenye alama ya mshangao. Halafu yanatokea maandishi ya Kijapani, yanakaa kidogo, yanapotea. Dalali kasema pembetatu ni sensa tu, na yale maandishi ni gari inamsalimia dereva, Wajapani wana adabu sana. Hata redio yake inaongea Kijapani ukiwasha. Jamani gari inatembea vizuri, tusikuze mambo.

Pilau ya Msibani
Hahaha, yule dada wa redio! Miaka minne ananisemesha kila asubuhi, nikajua ananiombea safari njema. Siku moja nikampa lifti jamaa aliyesoma kulekule, akacheka mpaka machozi. Kumbe anadai kadi ya kulipia barabara za kwao.

Kinyozi Mstaafu
Mleta mada, hiyo simu ya kisasa ni ya nini? Fungua Google Tafsiri, elekeza kamera kwenye hayo maandishi.

Mgeni wa Chanika
Nilishafanya hivyo Jumamosi. Iliandika "angalia mfumo wa haibridi". Lakini hizi programu si mnazijua, juzi nimepiga picha chupa ya sosi ya Kichina ikaniambia "machozi ya mzee".

Bolti Kumi na Nne
Kwa hiyo ulijua tangu Jumamosi, ukaja hapa kutuuliza mafuta.

Sikiliza. Chini ya kiti cha nyuma cha hiyo gari kuna betri kubwa, vipande 20 vimepangwa kama mikate, jumla volti 144. Haipozwi na maji. Kuna feni inavuta hewa ya humohumo ndani mnamokaa, kupitia kidirisha kilicho ubavuni mwa kiti. Kidirisha kikiziba, betri inachemka. Kipande kimoja kikichoka, vingine vinambeba mgonjwa mpaka vinachoka navyo. Gari yenyewe haina kosa, ziko Aqua kibao barabarani na wenyewe hawajui hata rangi ya hiyo pembetatu. Kosa ni la aliyekuwa nayo. Umeshatoa hela?

Mgeni wa Chanika
Advansi kidogo.

Bolti Kumi na Nne
Kidogo kiasi gani?

Mgeni wa Chanika
Milioni tatu. Na karatasi kaniandikia. Kulikuwa na jamaa wawili wanaizunguka gari, mmoja anapiga picha, ningefanyaje?

Pilau ya Msibani
Hao wawili ni wafanyakazi wa yadi mkuu. Saa saba wanakula ugali pamoja na dalali.

Shangazi wa Mbagala
Mkeo anasemaje?

Mgeni wa Chanika
Mama watoto hajui magari.

Shangazi wa Mbagala
Sikuuliza kama anajua magari.

Mgeni wa Chanika
Basi niseme yaishe. Hela ilikuwa ya kupaulia. Nyumba imesimama kwenye lenta tangu mwaka juzi, tunachanga wote, yeye anauza vitenge, hela inakaa kwangu. Lakini nifikirieni na mimi. Gari ni kitega uchumi, wikiendi naingia kwenye teksi za mtandaoni, baada ya mwaka napaua na bati za msauzi geji 28 na chenji inabaki. Tofali haliozi wakuu.

Mwalimu wa Zamu
Tofali haliozi ila la kuchoma haraka haraka linamomonyoka, nakuambia kwa uzoefu, ukuta wangu wa nyuma umeliwa na masika mawili. Halafu hela ya wawili haitolewi na mmoja. Hata vikoba wanasaini watatu.

Sioi Ng'o
Kataa ndoa, upaue kwa wakati wako.

Jicho la Kunguru
Wakuu mnanyweshwa chai mnaomba na maandazi. Nimepekua nyuzi zake. Mwezi wa tatu akaunti hii hii iliomba ushauri wa jenereta kwa banda la kuku Babati, na akasema hajaoa. Leo ana mke, watoto na lenta Chanika. Halafu gari inayosalimia dereva! Huyu ni mtunzi.

Kinyozi Mstaafu
Nilihisi. Machozi ya mzee ndiyo yalinishtua.

Mgeni wa Chanika
Banda la kuku ni la mdogo wangu, tulikuwa tunatumia akaunti moja.

Jicho la Kunguru
Na mke mnatumia mmoja?

Shangazi wa Mbagala
Wewe Kunguru, mdomo!

Mgeni wa Chanika
Haya, kama natunga, hiki nacho nimekitoa wapi? Hicho kidirisha anachosema Bolti nilikiona siku ile, natafuta pa kulaza kiti. Kimejaa unga. Mweupe, umeshikana kwenye vile vitundu kama ugali uliokaukia kwenye mwiko, nikaukwangua kwa ukucha haukutoka. Nikauliza, dalali akasema mwenye gari ana duka la nafaka, alikuwa anabebea sembe.

Bolti Kumi na Nne
Mimi naamini. Mtunzi angesema vumbi.

Kesho saa nne niko maeneo hayo, nina mashine ya kupimia. Angalia ujumbe wa faragha. Usiongeze hata mia.

Jicho la Kunguru
Nasubiri mrejesho. Bila picha bado ni chai.

Mgeni wa Chanika
MREJESHO. Picha nimekatazwa kupiga pale yadi. Tulifika na Bolti, kumbe ni kijana mdogo tu. Dalali alipomwona ameinama anatafuta tundu la kuchomeka mashine chini ya usukani, akasema funguo kaondoka nazo bosi, turudi Jumatatu. Funguo nilikuwa naziona zinaning'inia kwenye kidole chake. Advansi anasema hairudi, ila anaweza kuihamishia kwenye Vitz namba D iliyo pembeni. Nimeiwasha, haina pembetatu kabisa. Wenye Vitz, ulaji wa mafuta ukoje?

Shangazi wa Mbagala
Mkeo umemwambia?

Mgeni wa Chanika
Shangazi, tumalize kwanza la Vitz.