MJADALA: Mama mlezi wa kanisani akikwambia "vumilia", umsikilize mpaka wapi?

Binti wa Maweni (mwanzisha mada)

Nawasalimu nyote. Mimi ni mshonaji, miaka 28, mkaaji wa Maweni hapa Malindi. Kanisa letu, ambalo silitaji na msiniulize, linataka kupitisha kwamba kila binti aliyeposwa na kila mke ambaye ndoa yake haijatimiza miaka mitano apangiwe mama mlezi. Si hiari tena. Kikao ni Jumapili ijayo baada ya ibada, na mimi nilishalelewa chini ya mpango huu ulipokuwa bado wa kujitolea. Kwa hiyo nina la kusema, ila kwanza nawasikiliza.

Mazuri yapo, tena mengi. Mamangu alifariki nikiwa kidato cha pili. Mlezi wangu alinipokea kila Alhamisi alasiri uani kwake, wala hakunifanya mwanafunzi. Alinipa mbuzi nikune nazi, yeye akachagua mchele. Siku ya kwanza nilikuna mpaka kwenye kifuu akaninyang'anya: "Ukifika hapo tui linachafuka. Jua pa kukomea." Pesa za ushonaji alinifundisha kuzigawa kwenye bahasha tatu ndani ya Biblia: chakula, kodi, sadaka. Akaongeza ya nne, akasema hiyo haina jina na usimwambie mtu. Alinifundisha pia kuomba kwa sauti mbele ya watu, jambo nililokuwa nikiliona aibu. Hayo sitayasahau.

Sasa la pili. Mume wangu aliuza cherehani yangu akalipia deni la pikipiki. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta meza tupu na vumbi lenye alama za miguu minne ya cherehani. Nikamkimbilia mlezi. Alikaa kimya, akapepeta mchele mara mbili tatu, akasema, "Vumilia mwanangu. Ya ndani hayatoki barazani." Nikavumilia. Wiki mbili baadaye, kwenye mzunguko wetu wa akina mama, mtu ananipa pole ya cherehani. Mimi nilikuwa sijamwambia yeyote ila mlezi.

Swali langu: mpango kama huu ulazimishwe? Na kama ni ndiyo, mlezi afungwe na masharti gani?

Baba wa Barani

Mambo ya akina mama waachiwe akina mama. Ndoa za zamani zilidumu kwa sababu wasichana walisikia wakubwa.

Mama wa Kisumu Ndogo

Baba, zilidumu au zilinyamaza? Mimi nimeona zote.

Mama wa Muyeye

Bwana asifiwe. Nina miaka 63, nimelea mabinti kanisani tangu nywele zangu hazijawa hivi, na nitajibu kwa kirefu, mnivumilie (neno lenyewe hilo!).

Binti, kwanza pole. Aliyetoa siri yako alikosa, sina la kumtetea. Lakini mwelewe na mwenzangu. Sisi wa umri huu tulilelewa kwa neno moja tu. Mimi mwenyewe niliambiwa "vumilia" jioni ya harusi, nikiwa bado na hina mikononi, na aliyeniambia alikuwa ameambiwa vilevile. Mtu hugawa alichonacho. Ukimpa mama mzee kazi ya kulea bila kumlea yeye kwanza, atatoa lile aliloliweka kabatini miaka arobaini.

Ndiyo maana sipendi watu wanavyoisoma Tito sura ya 2. Kila harusi tunasomewa mstari wa 5, wake wawatii waume zao. Aya ile haikuanza hapo. Inaanza mstari wa 3 na sisi wazee: tuwe na mwenendo wa utakatifu, tusiwe wasingiziaji, tusiwe wa kulewa. Masharti yetu yanatangulia ya vijana. Paulo alijua kuwa mama mzee mwenye mdomo ni hatari kuliko binti asiyejua kupika.

Mimi ni Mwanglikana. Umoja wetu wa Akina Mama ulianzishwa Uingereza mwaka 1876 na Mary Sumner, mke wa kasisi. Inasimuliwa kwamba kikao cha kwanza alishikwa na woga hata akashindwa kusema, akawaomba akina mama warudi wiki ijayo. Napenda habari hiyo. Mlezi asiyeogopa hata kidogo mimi simwamini.

Kulazimisha, hapana. Nilishapangiwa binti aliyeletwa kwangu kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Miezi mitatu alikuwa akitazama saa. Mimi pia nilikuwa nikiitazama, nisiwadanganye.

Jirani wa Shella

Mimi ni Mwislamu, naomba niingie kama jirani. Kwetu kuna somo. Somo wangu alikuwa rafiki wa mamangu. Alinifunda kabla ya harusi, akanipeleka, na mpaka leo nikimwona njiani naficha uso. Wengi wanadhani kazi ya somo ni chumba na udi. Ngoja niwaambie jambo ambalo naliona limekosekana kwa Binti. Mume wangu anamjua somo wangu. Anamheshimu na anamwogopa. Mwaka wa pili wa ndoa tulipogombana, somo hakuniambia mimi tu maneno. Alijitanda buibui akaja, akakaa sebuleni, akaomba chai, akamwambia mume wangu ya kumwambia. Yaani alikuwa na njia ya kuingia kwetu.

Mama mlezi wenu ana njia ya kuingia wapi? Kama anaweza kusema na mke peke yake, atamfundisha nini zaidi ya kuvumilia? Hana silaha nyingine.

Binti wa Maweni

Jirani, umenigusa pale pale. Mlezi wangu na mume wangu hawajawahi kusalimiana nje ya lango la kanisa.

Msaidizi wa sheria

Niseme moja la kisheria. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, ya mwaka 2015, na ndani yake kipigo si ukatili pekee. Unyanyasaji wa kiuchumi umetajwa. Kuuza chombo ambacho mwenzako anapatia riziki si "mambo ya ndani" ya kusuluhishwa kwa kunyamaza. Simwambii Binti akimbilie kortini. Nasema mlezi ajue mstari uko wapi. Yakiwa maneno na tabia, shauri. Ikiwa ni damu au mtoto anaguswa, hapo ni dawati la jinsia kituoni, au simu 1195, na kwa watoto 116. Mlezi asiyezijua namba hizo mbili asipewe binti.

Mama wa Kisumu Ndogo

Nakubaliana, ila mimi hofu yangu ni nyingine na nashangaa hakuna aliyeitaja. Sisi ni watu wa Malindi. Mwaka 2023 tulikaa tukihesabu miili ikitolewa msitu wa Shakahola, zaidi ya 400, watu walioambiwa wafunge mpaka wamwone Yesu. Hawakuwa wajinga. Walikuwa majirani. Walianza kwa kumwamini mtu mmoja aliyewatenga polepole na kila aliyeweza kuwaambia "ngoja kwanza".

Silinganishi mama wa kukuna nazi na msitu ule, msinielewe vibaya. Ila tangu wakati huo sauti yoyote inayomwambia binti wangu "usimwambie mwingine" inanisimamisha nywele. Akiwa na mlezi, awe na wawili. Na vikao viwe uani, mlango wazi, watoto wakipita wakiomba maji.

Mama wa Muyeye

Wawili naafiki. Lakini mama, siri nayo ina kazi yake. Kuna binti aliniambia ana mimba kabla hajamwambia mamake. Ningeileta kwa mlezi wa pili siku ile, asingerudi. Nilimpa wiki moja, kisha tukaenda pamoja kwa mamake, mimi nikitangulia mlangoni. Mariamu naye alimwendea Elisabeti, akakaa kwake kama miezi mitatu, na Luka hatuambii Elisabeti alimtangazia nani.

Baba wa Barani

Na Naomi je? Mnamsifu kila mwaka. Alimwambia Ruthu aoge, ajipake marashi, ateremke usiku uwanja wa kupuria akalale miguuni pa Boazi. Mlezi wa leo akitoa shauri hilo si wazee wa kanisa wataitana usiku huohuo?

Jirani wa Shella

Baba umenichekesha. Somo wangu angempenda Naomi.

Mama wa Muyeye

Kwa mara ya kwanza leo Baba amesema kitu. Naomi alimtuma Ruthu kwa ndugu wa ukoo mwenye haki ya kumkomboa, si kwa mwanamume yeyote. Alijua mlango upi wa kubisha, na ndilo hilo Jirani alilokuwa akilisema.

Binti wa Maweni

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Jumapili nitapinga neno "lazima". Nitaomba binti achague mlezi mwenyewe na aweze kumbadilisha bila kuulizwa sababu mbele ya watu. Nitaomba walezi wafundishwe kabla ya kupewa mtu, wapewe na zile namba. Na nitaomba mlezi atambulishwe kwa mume tangu uchumba, aje nyumbani, anywe chai, azoeleke. Hilo la mwisho najua litaleta kelele kwa akina baba.

Mlezi wangu wa zamani nitaketi naye kabla ya kikao, asije akayasikia ukumbini. Ni mtu mzima na alinifaa.

Mama wa Muyeye

Vyema, mwanangu. Lakini umetuacha njiani. Cherehani ilirudi?

Binti wa Maweni

Haikurudi, mama. Nashonea ya jirani, namlipa shilingi 200 kwa siku. Bahasha ya nne imefika elfu sita.